Kifuko cha Mama Mwiko

Tangazo kwa wote wenye meno, na kwa wasio nayo lakini wana moyo: mtaa huu una mahali pamoja tu ambapo mtu asiyegusa nyama atashiba kwa dhamiri safi, napo ni kwa Mama Mwiko. Maharage matupu. Mfupa haupiti mlangoni.

Ndivyo kibao kilivyosema. Hatua nne nyuma ya kibao, ndani ya sufuria, kilichemka kifuko cha kitambaa ambacho Mama Mwiko mwenyewe hakupenda kukitazama.

Kibao kiliandikwa na mwanawe, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa likizoni, kwa chaki iliyohama shuleni bila ruhusa. Kifuko nacho kilikuwa kazi yake: kuchukua mifupa kwa muuza nyama asubuhi, kuifunga kitambaani, kuitumbukiza, na kuitoa kabla wateja hawajaingia. Alikubali bila kuombwa mara mbili, jambo ambalo lingepaswa kumshtua mama yeyote.

"Maharage bila mfupa ni maji yaliyofiwa," Mama Mwiko alimwambia. "Utamu ubaki, ushahidi uondoke."

"Sawa, mama," akajibu kijana, akitafuna hindi la kuchoma.

Mteja wa kwanza kukiamini kibao alikuwa Fundi, mshonaji aliyehamia chumba cha mkabala likizo ikiwa imeanza. Alikuwa ameuzunguka mtaa mzima kutafuta chakula cha kuaminika. Kwenye mgahawa wa kona alipewa mboga za majani.

"Mbona naona vipande vya nyama?"

"Hiyo ni ya kusaga, mama, wala huisikii."

Kwenye kibanda cha pili walikuwa waungwana zaidi: "Mchuzi ni wa mbuzi, ila mbuzi mwenyewe tumemtoa." Cha tatu wakamwapia kwamba kuku si nyama.

Kwa Mama Mwiko alionja kijiko kimoja, akafumba macho.

"Dada, umetia nini humu? Kuna utamu kwa mbali."

"Ni mkono tu, dada yangu."

Uongo ule ulikuwa mdogo, wa biashara. Ulikua siku ya tatu, Fundi alipomsimulia nadhiri yake. Miaka tisa nyuma binti yake wa pekee alilazwa akiwa hajitambui. Fundi akaapa: mtoto akipona, yeye hataonja nyama wala supu yake mpaka kaburini. Mtoto alipona. Sasa alikuwa mjamzito, ndio mwezi wake.

"Namlinda kwa mdomo wangu," alisema Fundi, akapangusa bakuli.

Baada ya hapo alikuja kila adhuhuri. Alimshonea Mama Mwiko aproni yenye mifuko miwili, akakataa ujira. Na kila alipomshukuru Mungu kabla ya kula, Mama Mwiko alikumbuka ghafla sufuria fulani yenye masizi, akaenda kuisugua.

"Kesho hatutii mfupa," alimwambia mwanawe. Kesho ilifika, wateja wakajaa, kifuko kikatumbukizwa. Mama akakonda. Mwana, aliyejisomea kwa bidii nyuma ya stoo kila asubuhi, akanenepa mashavu. Aliposikia mama akiguna peke yake jikoni, aliinamisha uso kitabuni. Kitabu kilikuwa juu chini.

Jumanne, Fundi aliingia maharage yakiwa bado motoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Yuko leba tangu jana," alisema. "Mtoto hashuki. Daktari anasema tusubiri, na mimi kusubiri siwezi. Najiuliza, nimekosea wapi? Nadhiri nimeitunza, dada. Si wewe shahidi wangu?"

Mwiko ukamponyoka Mama Mwiko.

"Hukukosea wewe. Nimekukosea mimi."

"Nini tena?"

"Humo mna mifupa. Kila siku, tangu bakuli lako la kwanza."

"Leo usinitanie, tafadhali."

"Ningekuwa natania, ningelia hivi?"

Fundi akateremka sakafuni polepole, kama nguo iliyoteleza kwenye hanga. Alisema tu, "Mwanangu," mara mbili.

Mama Mwiko, akitaka aibu yake ikamilike, akakiopoa kifuko kikifuka mvuke, akakiweka chini mbele ya Fundi, akakata uzi kwa kisu.

Yakabiringika magunzi mawili ya mahindi, yamechemka mpaka yanang'aa.

Wanawake wale wakayatazama. Kisha wakageuka pamoja kwenye mlango wa nyuma, aliposimama mwanafunzi wa bweni, ambaye shuleni kwao nyama huonekana Jumapili tu, tena kwa mbali. Nakiri makosa yote. Ningeyakiri palepale, ila mfupa wa Jumanne ulikuwa bado mdomoni mwangu.