Faili la Utepe wa Kijani

Faili lilivuka barabara saa nne kasorobo asubuhi, kwapani mwa Mama Mikate.

Wakili aliliona kutoka dirishani, ghorofa ya juu, kikombe cha chai kikiwa bado njiani kwenda mdomoni. Hakuhitaji miwani. Utepe ule wa kijani aliufunga yeye mwenyewe, mafundo mawili, mwaka ule mama huyo aliponunua jengo hili na kuwasha tanuri lake la mikate chini. Leo faili lilikuwa linaingia ofisi ya ng'ambo, kwa yule wakili kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Viatu, kwa jinsi vyake vilivyochongoka na kung'aa.

"Kipya kinyemi," alisema, na chai akaiacha ipoe.

Na faili lenyewe lilitokaje? Jana mama alipanda ngazi akalichukua kwa karani, Wakili akiwa mahakamani. Kalinyemelea kama mwizi, na ni lake!

Miaka ishirini na sita. Mikataba ya unga, kesi ya ukuta na jirani, leseni, wapangaji wakorofi, yote yalipita mikononi mwake. Hakuna aliyeijua biashara ile kuliko yeye, labda hamira peke yake. Na miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa mama: yeye juu na sheria zake, mama chini na mikate yake. Mtu akiulizia wakili mzoefu wa mambo ya majumba na biashara, Mama Mikate alionyesha dari kwa kidole chenye unga. "Yuko hapo juu. Huyo hata koma haimponyoki."

Mwezi uliopita tu mama alikuwa amekaa kwenye kiti kile pale ofisini, mkate wa moto mapajani, fundi seremala alipokuja kumuuzia Wakili kiwanja.

"Si uandike tu mkataba mwenyewe, mzee? Mimi nakuamini."

"Mnunuzi ni mimi, halafu mwandishi niwe mimi? Hati ikikupa kitu, usiiandike wewe. Nenda kwa wakili mwingine."

Mama Mikate alicheka mpaka mkate nusura uanguke. "Hata mkiaminiana?"

"Hata angekuwa mama yangu mzazi."

Mtu mwenye msimamo kama huo ndiye wa kuachwa kwa ajili ya viatu!

Halafu wiki iliyopita akaja mpimaji. Alipanda na futi yake, akaipima ofisi ya Wakili kona kwa kona, mpaka nyuma ya makabati.

"Nani kakutuma?"

"Mwenye jengo."

"Kuna nini?"

"Mimi napima tu, mzee."

Wakili alishuka mbio hadi tanurini. Mama alikuwa anakanda unga na hakumtazama usoni. "Utajua tu, Wakili. Haraka ya nini?" Akamgeuzia mgongo, akitabasamu peke yake.

Tabasamu lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kumbe anatolewa! Katika umri wake, na makabati kumi na moja ya mafaili, angehamia wapi? Lakini hilo angelimeza. Kilichomtafuna ni Viatu. Kwamba mama alikuwa na jambo kubwa la kuandikisha, na kalipeleka kwa mtoto aliyeanza kazi juzi. Alikuwa na wivu, na alijua kuwa ni wivu. Angekuwa mume asingeumia zaidi.

Sasa akatoka dirishani, akavuta karatasi. Aliandika barua fupi, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

Karani wake, binti mwenye adabu zake, aliisoma akashika kidevu. "Mzee, hasira hasara."

"Wewe weka saini ya shahidi, kisha piga muhuri."

Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, dereva mmoja akampigia honi na matusi juu. Kwa Viatu alimkuta Mama Mikate mezani, faili limefunguliwa, karatasi mbele yake, kalamu mkononi.

Viatu alisimama kwa heshima. "Karibu, wakili msomi. Sasa hivi tulikuwa tunataka kukuita."

"Nimejiita mwenyewe. Mama, kabla hujasaini, nisikilize."

"Wakili, ngoja kwanza..."

"Nimengoja miaka ishirini na sita!" Akakunjua barua, akaisoma kwa sauti ya mahakamani. "'Kuanzia leo naacha kuwa wakili wako. Naacha ofisi yako. Na kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu, nakataa haki yoyote niliyo nayo au nitakayopewa katika jengo lako, leo na siku zote.'" Akamkabidhi Viatu. "Imeshuhudiwa, ina muhuri. Tafuta tundu humo, kijana."

Viatu aliisoma mara mbili. Midomo ilimcheza kidogo.

"Halimo," alisema kwa sauti ya chini.

Mama Mikate alimtazama Wakili, machozi yakimlengalenga. Kisha akachukua kifuniko cha kalamu, akaifunika, akaisukuma karatasi yake mbele ya Wakili, upande ulioandikwa umwelekee yeye.

Juu ilisema: Hati ya Zawadi. Chini yake, ghorofa ya juu, kona kwa kona, na majina yote matatu ya Wakili bila herufi iliyokosewa.

"Si wewe uliyesema, Wakili," mama alimuuliza, "hati ikikupa kitu usiiandike wewe?"