Kura ya Tatu

Mama alibisha tena, na Sagal akabaki ameketi mkekani, mgongo ukutani.

"Binti yangu, fungua," sauti ya mama ilisema nje ya mlango wa bati. "Nimeleta anjera. Bado ya moto."

Salah, mumewe, alimwekea kikombe cha chai ya maziwa mbele yake, akanong'ona, "Mwache aende. Utaongea naye moyo ukipoa."

Jana Sagal alikuwa mgombea, mwanamke pekee aliyetaka kuwa mwakilishi wadi pale Iftin. Alijua huenda akashindwa. Ukoo ulikuwa umeshachagua mtu wake, mtoto wa kaka yake mama, na wazee walipita kila bula, kila kitongoji, wakisema mwanamke akishaolewa hana ukoo wa kumwombea kura. Hata hivyo alizunguka. Salah alifunga duka lake mwezi mzima, akamwendesha kwenye pikapu, akashika kipaza sauti mwenyewe jua likimchoma utosi.

"Mume kama huyu hapatikani Garissa nzima," wanawake walimwambia Sagal.

Kisha masanduku yakafunguliwa. Katika shule walikopigia kura yeye, mumewe na mama yake, msimamizi alisoma matokeo ya mgombea mmoja baada ya mwingine. Jina la Sagal lilikuja mwisho. Kura mbili.

Wale akina mama wa sokoni waliomwapia kwa Mungu kwamba watampigia kura aliwasamehe palepale. Mtu wa nje ni wa nje. Lakini kura tatu alikuwa na hakika nazo.

Na iliyokosekana aliijua. Usiku wa kuamkia uchaguzi, kaka za mama walijaa nyumbani kwa mama, nyumba ya pili kutoka kwake. Salah ndiye aliyewapelekea chai, akakaa nao mpaka walipoondoka. Asubuhi mama aliingia kwenye chumba cha kura akipapasa ukuta, akakawia mle ndani, akatoka ameinamisha uso. Alimpita Sagal bila hata salamu.

"Walimwapisha," Salah alimweleza baadaye, kwa upole. "Ni ndugu zake, angefanyaje? Usimchukie."

Sagal alimchukia.

"Rudi kwa kaka zako," aliuambia mlango. "Mimi sina mama."

Nje ikasikika sahani ikiwekwa chini, taratibu, na kandambili zikiburuzwa mchangani kuelekea barabarani. Sagal akajifunika uso kwa shungi yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu matokeo yasomwe.

"Nimebaki na wewe tu," alisema.

Salah akamshika bega. "Haya yatapita, inshallah. Kunywa chai."

Chai ilikuwa haijapoa mlango ulipobishwa tena. Safari hii alikuwa Ruweyda, mwalimu kijana aliyekuwa wakala wa Sagal ndani ya chumba cha kura, ingawa yeye mwenyewe aliandikishwa kupiga kura kwingine. Salah akamfungulia. Aliingia na ile sahani ya anjera mkononi, akavua viatu, akabaki amesimama.

"Dada, nimekutana na mama barabarani analia. Kuna nini?"

"Mwulize kura yake aliipeleka wapi."

Ruweyda alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Kwani hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Macho yake hayaoni karatasi. Msimamizi ndiye aliyemwekea alama, na sisi mawakala wote tukasimama kushuhudia, ndiyo sheria. Akaulizwa anamchagua nani. Wakala wa kaka zake alikuwa hapo hapo, amemkazia macho." Ruweyda akaiweka sahani mkekani. "Mama akataja jina lako. Akalirudia kwa sauti, ili yule asikie vizuri. Wallahi, machozi yalinitoka."

Sagal akaitazama ile sahani ya anjera. Kisha akageuka polepole kumtazama mumewe.

Salah alikuwa ameinama karibu na mlango, anatafuta viatu vyake.