Mafundi Wamefika

Mtafiti alirudia hesabu mara ya tatu, na jibu halikubadilika. Barafu ya ncha ya kusini ilikuwa inameguka upesi mno. Bahari ingepanda si baada ya miaka mia, bali ishirini.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, mafundi wamefika! Wanataka kuchimba msingi wa nyumba yetu."

"Mama, waambie wasubiri kwanza."

"Wasubiri nini tena? Si wewe uliyesema hata vitukuu wangu watakaa hapa?"

Ni kweli, alikuwa amesema hivyo.

"Mama, hapo uliposimama, bahari unaisikia?"

"Naisikia vizuri," mama akacheka. "Ndiyo raha yake."

Nyuma ya kicheko hicho, sululu ilianza kupiga.