Milango ya Ukumbi

Katika mji ule, mchezo wa sikukuu ya uhuru huchezwa milango ya ukumbi ikiwa wazi, ili hata mpita njia aingie kusikia kiapo cha waasisi.

Kabla pazia halijafunguliwa, afisa utamaduni, Bwana Kihwelo, alimfuata mwigizaji Mwanaidi nyuma ya jukwaa.

"Mwanangu, ule mstari wa mwisho wa kiapo uuruke. Watu watachoka."

"Hotuba yako wameivumilia, mzee, mstari mmoja ndio uwachoshe?"

Bwana Kihwelo alicheka sana, akampangusa vumbi begani kama baba anayemuaga bintiye.

Jukwaani, Mwanaidi, katika kanzu ya mwasisi, aliinua mkono na kula kiapo. Alipoufikia mstari ule alisita, kisha akapaza sauti:

"Na hakuna raia atakayechukuliwa kwa sababu ya neno lake!"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamegeuka nyuma. Wanaume wawili wasiojulikana mjini walikuwa wakifunga milango, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama watu wanaozuia mvua isiingie. Nje jua lilikuwa linawaka.

Mwanaidi alibaki ameinua mkono.