Yule Anayesahau Upesi

Mgeni hakuuliza bei. Aliuliza ni yupi kati ya mbwa watatu anayesahau upesi.

Apolline alidhani hakusikia vizuri. Tangu asubuhi watu wawili walikuwa wamekwisha kupita nyumbani kwake Muhumba, kando ya ziwa, kuwaangalia mbwa hao wa aina ya golden, na wote waliuliza yaleyale: wanazaa watoto wangapi, wanakula nini, wanauma wezi au hawaumi. Yeye na mumewe Benoît walikuwa wamefuga na kuuza mbwa hao miaka kumi na minne, na swali hili hakuwahi kulisikia.

"Anayesahau nini, maman?"

"Mutu," mgeni akasema. "Mwenye kumufuga."

Aliitwa Micheline, mwalimu wa Kifaransa kutoka Bagira. Alikuwa amevaa puloveri nzito ingawa jua lilikuwa la saa sita, na kutoka barabarani hadi barazani alikuwa amekaa mara mbili kwenye ngazi. Chai ilipoa mbele yake bila kuguswa.

Benoît alikufa mwezi wa pili, ghafla, akiwa anafunga viatu. Watoto walikuwa mbali, mmoja Lubumbashi, mwingine Ubelgiji, na wote wawili walisema neno moja kwa simu: mama, uzisha hizo imbwa. Apolline hakubisha. Tangu msiba alikuwa na ganzi, kama fizi iliyodungwa sindano. Alijua kuna kidonda mahali fulani, lakini hakikuuma. Hakuwa amelia hata siku moja. Matangani wifi yake Consolate alisema, kwa sauti ya kusikika, "Hata imbwa zinalia."

Ilikuwa kweli. Na kwa kuwa mgeni ameuliza, Apolline akamweleza.

Reine, aliye mkubwa kuliko wote, hadi leo alikuwa akichukua ndala ya marehemu mdomoni kila saa kumi na moja jioni na kwenda kulala nayo langoni mpaka giza liingie. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Hata watoto wake walipouzwa, alibeba kikapu kitupu wiki nzima. Doudou alikuwa mwoga wa radi, na hakuweza kuzaa bila mtu kumshika mguu. Baada ya msiba yeye alikataa chakula siku tisa. Apolline alimlambisha uji kwa kidole.

"Na ile?"

Praline alikuwa ametoka ziwani, anajikung'uta maji juu ya maua ya watu.

"Ile haina roho," Apolline akasema. "Siku ya maziko alizunguka mu watu wenye kulia, anaweka kichwa ku magoti ya kila mutu mwenye nyama. Mangaribi akalala tumbo juu, akakoroma. Watoto yake bakienda, ananusa kikapu mara moja, anashuka kuogelea. Alipoharisha damu, bwana yangu njo alilala naye ku garage wiki mbili mpaka akapona. Hajamutafuta hata siku moja."

Tangu maziko hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa pamoja.

"Ile njo minataka," Micheline akasema.

"Chukua Reine. Reine atakupenda mpaka mwisho."

"Njo maana simutaki Reine."

"Basi chukua mutoto. Doudou iko na batoto bane, banaacha kunyonya."

"Mutoto wa imbwa anaomba myaka mingi, maman."

Praline alipanda barazani akiwa amelowa, akamwendea mgeni kama alivyomwendea kila mtu, akaweka kichwa magotini pake. Micheline alitia mkono katika manyoya ya shingo, akauacha humo. Sketi yake ililowa, hakujali.

"Mutu mwingine akimuchukua kiisha," akauliza, "ataenda naye bila maneno?"

Hapo Apolline akadhani ameelewa. Wako watu wanaonunua mbwa wazuri mjini, kisha wanavuka nao mpaka kwenda kuwauza Kigali.

"Unataka kumuuzisha."

"Sitamuuzisha."

"Basi unataka kumupa nani?"

Micheline aliendelea kukuna shingo ya mbwa. Apolline angeweza kumwambia aende zake. Lakini alikuwa anamtazama Praline, macho yamefumba, ametulia juu ya magoti ya mtu asiyemjua, na akajua kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa akimchukia mbwa huyu, na si kwa sababu amesahau. Consolate aliposema neno lile, wawili tu nyumba nzima walikuwa na macho makavu.

"Hata miye sikulia," akasema. "Bwana yangu, myaka makumi tatu, na sikulia."

"Hiyo haiko zambi," Micheline akasema.

Bei walikubaliana kwa maneno mawili. Apolline aliingia ndani akatoka na kamba, gunia dogo la chakula na kitabu cha chanjo, akaonyesha kwa kidole tarehe iliyoandikwa kwa mkono wa Benoît.

"Sindano yake ni mwezi wa nane. Usisahau. Veterineri anafika hapa kwangu, umulete tu."

Micheline alifungua mkoba wake, akatoa ufunguo mmoja, akauweka juu ya kitabu kile.

"Utakuja kumuchukua weye mwenyewe," akasema. "Ni ya mulango ya nyuma kwangu. Docteur anasema hata mwezi wa saba miye sitaiona."