Hatua Moja Mbele

Kitu kililipuka kwenye stoo ya chakula saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ya kufunga mafunzo, wazazi wakiwa wameshajaa getini wakiimba.

Wanafunzi mia moja na ishirini wa kidato cha tano walilala chini kwa mpigo mmoja, kama walivyofundishwa wiki nzima. Walilala na sare zao zilizopigwa pasi, kwenye tope la Makambako la mwezi wa tatu. Afande Tarsis, mwalimu wao, alilala wa kwanza.

Mlango wa stoo ukafunguka. Akatoka mpishi, Mama Beatha, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kandambili.

"Nimekufa?" akauliza.

"Bado, mama," Afande akamjibu kutoka topeni. "Kuna nini humo?"

Mama Beatha akalamba mkono. Akafikiri. Akalamba tena.

"Ulanzi," akasema. "Na umekomaa vizuri."

Ndani walikuta dumu la njano limepasuka vipande nyuma ya magunia ya viazi. Mfuniko ulikuwa umetoboa bati la paa na kuendelea na safari.

Afande akafuta tope usoni. Jeshi lilikuwa limewakusanya watoto hawa kutoka shule za Njombe yote mpaka Ludewa, wajifunze uzalendo na uongozi kwa siku saba. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba pombe ni marufuku, na ulanzi, hata kama unatoka kwenye mwanzi wa bibi yako, ni pombe.

"Mwenye dumu apige hatua moja mbele," akasema. "Natoa dakika kumi. Asipojitokeza, hakuna gwaride, hakuna vyeti. Wazazi nitawarudisha mwenyewe, na nyimbo zao."

Macho yote yakamgeukia Faustine, kijana mrefu aliyechaguliwa kubeba bendera. Baba yake mdogo alikuwa na kilabu cha ulanzi hapo hapo mjini.

"Jamani!" Faustine akalalamika. "Yaani kila ulanzi wa nchi hii ni wa ukoo wetu?"

"Si wote," sauti ikatoka nyuma. "Ule unaolipuka tu."

Dakika ya tano ikapita. Getini wazazi walianza kuimba tena.

Dakika ya nane, Devotha akapiga hatua mbele.

Devotha alikuwa mdogo kuliko wote kambini, binti wa kijiji kimoja cha Wanging'ombe. Alisali kabla ya chai na baada ya chai. Doa lake pekee wiki ile lilikuwa mwanaume mmoja mwenye suti ya kahawia, aliyefika getini Jumatano kumwulizia. Faustine ndiye aliyekuwa zamu, akamfukuza kama sheria inavyotaka: hakuna wageni mpaka siku ya kufunga. Tangu hapo wavulana walimwimbia Devotha nyimbo za harusi kila akipita na sahani.

"Ni langu, afande."

Kicheko kikapita mstari mzima.

"Wewe?"

"Mimi."

"La lita ngapi?"

"Ishirini."

"Hiyo imeandikwa kwenye dumu, hata mimi nimesoma. Uliliingizaje?"

"Nililiviringisha kwenye blanketi, afande. Siku tuliyofika."

"Na mfuniko?"

"Niliukaza. Kwa nguvu zangu zote, harufu isitoke."

Afande Tarsis akamtazama. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mmesikia? Mkoa huu, mtoto wa miaka sita anajua ulanzi haukazwi mfuniko! Unazibwa kwa majani ili upumue. Huyu hajawahi kushika ulanzi tangu azaliwe!" Akageukia mistari. "Siku saba nimewaambia kiongozi hubeba mzigo wa watu wake. Mia moja na kumi na tisa mmesimama kama nguzo za umeme. Mmoja amebeba."

"Afande, kweli kabisa ni la..."

"Kimya, binti! Wema nao una kiasi. Hiyo ni amri."

Faustine akamnyanyua mabegani. Kambi ikalipuka tena, safari hii kwa makofi. Kisha Faustine akachukua bendera na kumpa.

"Shika, dada. Ningekuwa mimi, ningemtaja hata Mama Beatha."

Gwaride likapita mbele ya wageni, tope kutoka kola hadi viatu. Wazazi waliamini tope ni sehemu ya mafunzo, wakapiga vigelegele maradufu. Devotha alitangulia, bendera juu, machozi yakimtiririka. Akina mama walipoyaona, nao wakalia. Afande akasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Vyeti vilipokwisha kugawiwa, mama yake Devotha, Oktavia, akapenya katikati ya watu waliokuwa wakimpongeza. Cheti hakukitazama. Alimshika binti yake mkono, wakaenda nyuma ya jiko, palipotupwa vipande vya dumu la njano.

Akaokota kimoja, akakinusa.

"Majani, Devotha," akasema polepole. "Nilikuambia majani."

Kisha akahesabu hasara kwa vidole.

"Lita ishirini. Dumu la jirani. Na mjomba wako Anold, aliyekuja Jumatano na suti yake kulichukua, akafukuzwa hapa getini, akaenda kuposa mikono mitupu: mchumba mmoja."