Tone la Togwa

Kwao Iyula, anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza. Ikupa aliinua kikombe cha togwa mbele ya wageni waliokuja kumposa, mama yake akimkazia macho.

Kipini cha mdomoni alikuwa amekichomoa asubuhi, tundu akalipaka poda. Alitobolewa saluni, kule Tunduma, na mama aliapa kwamba mdomo ule utamkimbizia wachumba.

Akameza. Akahisi ubaridi ukipenya kwenye tundu, chini ya mdomo. Tone zito likateremka hadi kidevuni, likaning'inia hapo.

"Huyu binti ana nini mdomoni?" aliuliza shangazi wa mposaji.

Mama akainamisha kichwa.

Bibi wa mposaji, mzee wa Kimakonde, alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio tangu alipoingia. Alimtazama Ikupa, kisha akaushusha mtandio. Kwenye mdomo wake wa juu, uliokwisha kunywea, palikuwa na tundu lililoachwa na ndonya, pambo la usichana wake. Kidole kingepita.

Ikupa akageuka kutafuta kikombe kingine.

"Hicho hicho, mke mwenzangu," bibi alimtania, akinyoosha mkono. "Nipe."